Soko Liendeshwe Kama Msiba

Mwinshehe alikuwa na mkono mzito tangu utotoni, na Bagamoyo nzima ilijua. Darasa la nne alimng'oa mwenzake meno mawili kwa sababu ya embe. Alipofika miaka ishirini alimpiga kondakta mpaka abiria wote wakashuka kuamua. Watu walisema huyu atafia jela. Hawakujua kwamba watu wa namna hii hawafungwi, huajiriwa. Bwana Abdulrazak aliposhinda zabuni ya kuendesha soko la samaki, mtu wa kwanza kumwita alikuwa Mwinshehe. Akampa fulana nyeusi, buti na rungu la mpingo, akamwambia kazi yake ni moja tu, kulinda amani.

Amani yenyewe ilikuwa hivi. Mama akichelewa kulipa ushuru, karai lake linapigwa teke na mafuta yanamwagika mchangani. Mzee Mtoro, mkulima wa mananasi, alishusha mzigo wake bila tiketi, akaburutwa kwa kola ya kanzu kutoka kwenye gari mpaka getini, mbele ya wajukuu zake. Kijana mmoja wa kupaa samaki aliuliza fedha za vyoo zimekwenda wapi, maana soko halikuwa na choo hata kimoja. Mwinshehe alimpiga mbavu mpaka akatapika. Jioni alivua fulana, akanawa, akaenda kumtazama mama yake.

Mama yake, Bi Adila, alikuwa amekaanga samaki katika soko lile lile miaka ishirini na mbili, karai lake likiwa jirani na la Bi Fatu. Ni kwa samaki hao Mwinshehe alikula, akavaa na kusoma hadi alipochoka kusoma. Sasa presha ilimlaza kitandani, miguu imevimba. Mwanawe alimletea dawa na kumpeleka hospitali kwa bajaji, lakini kumgusa alimwachia mkewe, Sophia. Aliwahi kumnyanyua mara moja mama akapiga ukelele, na tangu hapo akawa anauogopa mkono wake mwenyewe.

Bi Adila hakuwa na makuu. Alikuwa na ombi moja tu, akilirudia kila Ijumaa: akifa, aoshwe na Bi Fatu. Bi Fatu ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake mtaani kwao, mwaka wa thelathini sasa. Ndiye aliyemwosha hata mtoto wa Mwinshehe na Sophia, aliyezaliwa akafa siku hiyo hiyo. Mwinshehe alimwahidi mama yake, na ahadi hiyo aliiona nyepesi, kwa kuwa Bi Fatu yupo, mzima, na nyumba yake iko hatua hamsini tu.

Basi Jumamosi moja akaja mgeni kutoka ofisi ya serikali, mama mmoja mpole aitwaye Nasrin, na bahasha ya makaratasi. Alisema anakusanya maoni ya wananchi juu ya uchumi na huduma. Wakakaa chini ya paa la soko, saa nne asubuhi, makarai yakiendelea kutokota kando. Abdulrazak alikaa kiti cha mbele. Mwinshehe alisimama nyuma yake na rungu.

"Mngepewa nyinyi hii nchi muipange," Nasrin akauliza, "mngeanzia wapi?"

Kwanza watu walicheka, maana hawajazoea kuulizwa. Kisha Mzee Mtoro akainuka.

"Mimi, mwanangu, ningeanza na barabara ya shamba. Nanasi likiiva limeiva, halisubiri kikao. Mvua ikinyesha gari halifiki, dalali anakuja na pikipiki anataja bei anayoitaka, nami nakubali, kwa kuwa naogopa lioze. Nipeni barabara na chumba cha baridi. Misaada mingine wapeni wenye shida."

Akafuata Mwajabu, muuza vitumbua. "Binti yangu alikwenda kujifungua na beseni lake, pamba yake, glavu zake na wembe wake. Alichokikuta kule ni kitanda na nesi mmoja ambaye hajalala siku mbili. Mimi ningeandika dawa zote ukutani, kwa herufi kubwa, zimeingia lini na zimetoka lini. Zikiisha tujue zimewaishia wagonjwa. Na yule nesi ningempa mwenzake."

Mwinshehe alisikiliza, na jambo la ajabu ni kwamba alikubaliana na kila neno. Alikuwa na maoni yake pia. Lau angeulizwa, angesema waanze kwa kufukuza walinzi wa soko, na wa kwanza awe yeye, apewe kazi ya kubeba mizigo ambayo mkono wake uliumbiwa. Lakini mwenye rungu haulizwi maoni.

Ndipo akainuka Bi Fatu, akajifunga khanga vizuri. "Mimi sijasoma. Najua kitu kimoja, msiba. Mtu akifa mtaani kwetu, ndani ya saa mbili maji yamechotwa, turubai limefungwa, sanda imekatwa, chungu kiko motoni, kaburi linachimbwa. Nani ametupa bajeti? Hatuna ofisi, hatuna gari. Na hajapata kutokea mtu akala sanda ya mwenzake, kwa sababu tunajuana, na kila mmoja anajua zamu yake ya kulala kwenye kile kitanda cha kuoshea maiti itafika. Hapa tunalipa ushuru kila siku, na kujisaidia tunakwenda vichakani, wake kwa waume. Tuachieni soko hili mwaka mmoja tu. Tutaliendesha kama msiba."

Soko zima likapiga makofi. Kalamu ya Nasrin ilikuwa inakimbia. Abdulrazak aliitazama ile kalamu, akaona zabuni yake inachimbiwa kaburi.

"Mama, unatutakia kifo?" akasema, akijaribu kucheka.

"Mwosha huoshwa, bwana. Sikutakii. Nakukumbusha."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomharibu mzabuni. Akasimama, akasema mkutano umefungwa. Mtu mmoja nyuma akajibu kwa hasira kwamba dhalimu akiwaziba midomo watamsomea halbadiri. Sasa halbadiri si neno la mchezo. Ni kisomo ambacho watu wa pwani hukisoma kumshtaki kwa Mungu mtu aliyewadhulumu, na hata asiyejua msikiti una milango mingapi hukiogopa. Aliyesomewa hutafuta mganga kabla ya chakula. Abdulrazak akabadilika rangi.

Wakati huo huo Bi Fatu akainua mikono yote miwili, viganja juu. "Waungwana, tuinue mikono," akasema. Soko zima likainua. Wenye mizani wakaweka mizani chini, wenye visu wakaweka visu.

"Mshushe mikono huyo," Abdulrazak akasema kwa sauti ya mtu aliyekabwa. "Mshushe kabla hajamaliza."

Na Mwinshehe naye aliogopa. Alimwogopa mwanamke wa miaka sitini aliyeinua viganja, kwa ajili ya nafsi yake na kwa ajili ya mama yake mgonjwa, kwani husemwa kisomo kile kikipiga hakichagui nyumba. Alipiga hatua tatu, akateremsha rungu kwenye mkono wa kulia wa Bi Fatu, kati ya kiwiko na kiganja. Mfupa ulilia, kila mtu akausikia. Bi Fatu aliutazama mkono wake uliopinda mahali pasipo na kiungo, kisha akakaa chini polepole.

Kilichofuata ni aibu kukisimulia, lakini kilitokea. Mwajabu alichota mafuta ya moto kwa upawa akamrushia mlinzi mmoja, ngozi ya shingo ikabambuka pale pale. Walinzi wakapandwa na wazimu. Mwinshehe alipiga asichokiona: alimvunja Mzee Mtoro taya, akampiga mjamzito mgongoni, akamkanyaga mtu vidole na buti. Mawe ya mizani yaliruka. Mtu mmoja alichomwa kisu cha kupalia samaki pajani na hadi leo hajulikani aliyemchoma. Nasrin alikimbilia garini, maoni ya wananchi yakabaki sakafuni katika magamba na damu. Robo saa baadaye amani ilikuwa imerudi, na ni wachache waliobaki wima kuifurahia.

Habari ilimtangulia nyumbani. Bi Adila alikuwa macho, uso ukielekea mlangoni.

"Umempiga mkono upi?" akauliza.

"Ni kazi, mama."

"Nimekuuliza upi."

"Wa kulia."

Bi Adila akageukia ukutani. Hakuchukua tena dawa kutoka mkononi mwa mwanawe, wala hakumsemesha. Sophia alisema aliyokuwa nayo rohoni, kwamba mkono alioufanya vipande ndio uliomvika mtoto wao sanda. Mwinshehe akampiga kofi, mdomo ukapasuka. Kesho yake Sophia alipanda gari akarudi kwao Vigwaza, na sijui nani angemlaumu. Mwinshehe akawa anamwekea mama yake uji na dawa kando ya kitanda, kisha anatoka.

Wanawake wa soko nao wakakaa kikao chao, wakasusa. Hakuna mguu wa mwanamke utakaokanyaga nyumba ya Mwinshehe, kwa heri wala kwa shari. Walimhurumia Bi Adila, ila walikata hukumu kwa hasira, na hukumu ya hasira haichambui mama na mwana.

Wiki ya nne, Alhamisi baada ya alfajiri, Bi Adila akakata roho.

Wanaume wachache walikuja, kwani kaburi ni faradhi. Wakachimba ndani ya nyumba ule ufuo wa kupokea maji ya josho, wakaweka kitanda juu yake, kisha wakatoka nje kungoja wanawake. Ikafika saa tatu. Ikafika saa tano. Hakuja hata mmoja. Sheikh Alawi alimwita Mwinshehe pembeni, akamwambia joto la leo si la kuchelewesha maiti, atafute watu.

Akaenda mlango kwa mlango. Mlango wa kwanza ulifungwa kabla hajabisha. Wa pili walimmwagia maji ya kuoshea dagaa. Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Aliyekutuma ana wake wawili. Kawaite hao." Mwinshehe akampigia simu Abdulrazak. Abdulrazak alimpa pole, akasema yuko safarini, simu ikakatika na haikupatikana tena.

Ukabaki mlango mmoja, ambao alikuwa ameupita mara tatu akitazama chini. Akabisha hodi. Aliyefungua ni Shuaibu, mwana wa Bi Fatu, fundi seremala.

"Mama amekufa," Mwinshehe akasema. "Aliusia aoshwe na..."

Ngumi ya kwanza ilimkata maneno. Ya pili ilimvunja pua. Shuaibu alimburuta barazani, akampiga mateke ya mbavu, taratibu, kila teke na neno lake, na watu wakatoka majumbani wakatazama pasipo hata mmoja kuamua. Mwinshehe, aliyekuwa akimudu watu watatu, aliweka mikono yake nyuma ya kichwa akapigwa.

"Ulidhani anasoma halbadiri?" Shuaibu akasema akihema. "Alikuwa anataka Fatiha, mkutano ufungwe. Mkutano gani umewahi kufungwa bila Fatiha? Na alikuwa amepanga kuwaombea wagonjwa. Wa kwanza mama yako."

Akamnyanyua kwa kola apate kumpiga vizuri. Damu ilimjaa Mwinshehe kooni.

"Shuaibu, mwache." Bi Fatu alikuwa amesimama mlangoni, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu na kuning'inizwa shingoni kwa khanga. "Maiti anangoja."

"Shikamoo, mama," Mwinshehe akasema kutoka chini. Bi Fatu alimpita, akashika njia. Wanawake walimwita, wakamkumbusha kikao. Akasema kikao alikuwamo, na Adila alimjua kabla ya kikao.

Lakini mkono mmoja haugeuzi maiti. Bi Fatu alisimama kando ya kitanda akajaribu, akashindwa. Akamwuliza Sheikh Alawi kupitia pazia kama mwana anaweza kumsaidia. Sheikh akajibu kwamba wanawake wangefaa zaidi, ila dharura ina hukumu yake, na mtoto ni maharimu wa mama yake, damu asiyeweza kuoana naye. Bi Fatu akaweka kopo chini.

"Mwiteni huyo aingie. Anawe kwanza."

Mwinshehe akaingia. Bi Adila alilala amefunikwa shuka kutoka kifuani hadi magotini, mdogo kuliko alivyomjua.

"Pangusa hiyo damu, usimchafue. Haya. Pitisha mkono wako wa kulia chini ya shingo. Si hivyo, unamkaba. Taratibu. Maiti anaumia."

Akaupitisha. Kichwa cha mama yake kikaja kiganjani, chepesi. Bi Fatu alimimina maji kwa mkono wa kushoto, na kila alipomimina alimwelekeza: kulia kwanza, chini ya shuka kwa kitambaa, katikati ya vidole, nyuma ya sikio. Alipokaza alimwambia alegeze. Alipoharakisha alimwambia aanze upya, naye akaanza upya. Waliosha mara tatu.

Mara ya tatu hakuhitaji kuambiwa. Aliukunjua mkono wa mama yake, akausafisha kidole baada ya kidole, akaulaza ubavuni bila sauti. Bi Fatu alikuwa ameshusha kopo, anamtazama.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akasema.

Mwinshehe akashika ukingo wa kitanda, akalia kwa sauti, akamwomba amsamehe. Bi Fatu akamwambia daktari amesema vidole vitatu havitakunja tena, kwa hiyo hayo ya msamaha ni marefu na leo hana nafasi nayo.

"Nipe karafuu maiti," akasema. "Halafu umnyanyue tumvike sanda."