Sepetu Aliyoiacha Jado

Sifa na shukrani ni zake Mungu, aliyetuamsha salama asubuhi ya leo, na ambaye hachoki kutufundisha hata mvi zikishatujaa kichwani.

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, watu wa mtaa wetu hapa Kagarama tukizibua mtaro kwa pamoja. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, mwalimu wa mafundisho ya dini kanisani, na nilikuwa nimepewa kijana wangu wa kwanza. Ndiyo kazi hii hii, mwanangu, unayotaka kuianza wewe: kijana akitoka kituo cha malezi na kurudi nyumbani, mmoja wetu anayejitolea humtembelea kila wiki, huongea na familia, humsaidia kuzoea tena maisha ya nje.

Kijana wangu aliitwa Jado. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alipelekwa kituoni kwa kuiba simu za watu. Alirudi kwa bibi yake, ambaye mtaa mzima tulimwita Mukecuru, yaani bibi kizee, kwa heshima. Lakini nyumba ilikuwa ya baba mdogo wa Jado, na huyo alisema wazi mbele yangu: "Siku nikirudi jioni nisimkute, begi lake litamsubiri nje ya geti." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kwenda kuomba radhi kwa majirani.

Basi siku hiyo Jado alichimba kuliko sisi sote. Jirani mmoja, fundi ujenzi, alikuwa amemwazima sepetu, na kila mara alimtania: "Wewe, punguza kasi! Mke wangu anatuangalia, ataanza kuuliza maswali." Jado akacheka. Wiki sita nilikuwa namtembelea, na sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake.

Kazi ilipoisha tukaketi kwenye nyasi kwa mkutano. Kiongozi wa mtaa akauliza kama kuna mwenye neno. Moyo wangu ulikuwa umejaa, nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "mmemwona huyu Jado. Ametoka kituoni. Alikuwa anaiba simu, lakini Mungu amembadilisha. Naomba mumpokee."

Watu wakapiga makofi. Na wakati wanapiga makofi, yule fundi akainua simu yake iliyokuwa kwenye nyasi, kati yake na Jado, akaitia mfukoni. Sidhani hata alijua anachokifanya. Lakini Jado aliona. Aliilaza sepetu chini polepole, akaondoka.

Mukecuru alinifuata, fimbo mkononi. Sisi wawili tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili.

"Nani alikuomba umtangaze?"

"Mama, nilitaka wamwombee."

"Kwani Mungu alikuwa hasikii mpaka umpigie kelele mkutanoni? Asubuhi walimjua kwa sepetu. Sasa wanamjua kwa simu. Mtafute, baba yake mdogo hajarudi."

Nikapanda pikipiki hadi sokoni Kicukiro, nikazunguka kwa wenzake wa zamani. Hawajamwona. Nikaenda kituo cha mabasi, nikachungulia dirisha baada ya dirisha. Nilisali njia nzima, na nakiri kwamba nilikuwa nikimweleza Mungu mambo mabaya tu: ameiba tena, ametoroka, amepotea. Saa tisa ikapita. Nikampigia Mukecuru simu, nikamtajia kila nilipopita.

Akasema, "Mwanangu, wewe unamtafuta mwizi. Hebu mtafute mjukuu wangu. Nina kishamba cha maharage Masaka, hapa pembeni ya mji. Akiudhika huwa anakwenda huko."

Nilimkuta ameinama, viatu kavivua, anapalilia. Nusu ya shamba ilikuwa tayari safi. Niliketi palepale kwenye udongo nikamshukuru Mungu kwa sauti, hata mwenye pikipiki akanishangaa.

"Nisamehe," nikamwambia.

Aliendelea na mstari wake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, ungewaambia tu mimi ni mjukuu wa Mukecuru."

"Ndivyo nilivyopaswa kusema."

"Na leo umevaa viatu vizuri. Toka kwenye maharage."

Tulirudi watatu kwenye pikipiki moja, jambo ambalo sheria hairuhusu na wewe usilifanye. Baba yake mdogo alipofungua geti, Jado alikuwa uani akinawa miguu. "Umetoka wapi na tope hilo?" "Masaka, kupalilia." Baba mdogo akamtazama, akaingia ndani. Begi halikutoka.

Kabla hatujamaliza chai, yule fundi akabisha hodi na sepetu mkononi. Macho alikuwa ameyainamisha.

"Kijana, umeacha hii."

"Lakini ni yako," Jado akasema.

"Ilikuwa yangu. Imeshakuzoea. Kaa nayo, na Jumatatu uje nayo, nina msingi wa kuchimba."

Mwanangu, ushauri wangu ndio huu. Kijana ukikabidhiwa, habari zake za zamani ni amana. Zisimulie kwa Mungu, na usiwasimulie watu hata kwa kumsifu. Mabadiliko yake si ushuhuda wako. Mtafutie kazi ya kufanya pamoja na wengine, kisha wewe ukae kimya, watu wamfahamu wenyewe. Na ukikosea, kama utakavyokosea, nenda ukaombe msamaha siku hiyo hiyo, hata kama ni kati ya maharage.

Wewe unayesoma, Mungu akupe ulimi mpole na miguu isiyochoka. Yeyote wa kwenu aliye mbali leo, amrudishe salama kabla ya jioni, na akute geti liko wazi. Amina.