Nilipowaambia Wajikaze

Kazi za unesi nimefanya nyingi, lakini ile ya miaka ya tisini, ya kupima misuli ya njia ya haja kubwa kwa watu wasioumwa, ilinichosha roho. Daktari mgeni alitaka ajue kwanza mwenye afya anabana kwa nguvu kiasi gani, ndipo amlinganishe na mgonjwa wetu, mama wa kijiji cha Mofu aliyechanika wakati wa kujifungua na tangu hapo hawezi kuzuia choo. Wasipotofautiana, hapasuliwi.

Basi nikazunguka Ifakara nzima nikibembeleza akina mama. "Hee! Mmekosa cha kupima?" walinicheka. Aliyekubali alilala ubavu, nikaingiza kipira kidogo chenye mrija, daktari akatazama mshale wa mashine. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo msemaji ni mimi. Joto, mgongo unauma, na neno ni lilelile kutwa: "Jikaze, mama. Jikaze."

Mshale haukusogea. Wazima wote niliowapima wakawa sawa na mgonjwa, ambaye naye nilishampima. Daktari akafunga daftari: mama wa Mofu hana tatizo, arudi kwao. Nikatumwa mimi kumwambia. Akaanza kukunja khanga zake.

Alikuwa amebaki mtu mmoja aliyekwisha kuitwa, bibi kutoka Mlimba, tukaona tummalizie. Mshale kimya. Nikafoka, Mungu anisamehe: "Bibi, si nimesema ujikaze!"

"Mjukuu wangu, nijikaze vipi tena? Nimevumilia, hata kuguna sijaguna."

Kumbe siku zote hizo nilikuwa nawaambia watu wavumilie!

"Bibi, bana! Kama unazuia ushuzi kanisani."

Mshale ukaruka. Bibi akacheka mpaka kipira kikachomoka. Mimi kicheko hakikunijia.

Mama wa Mofu nilimkuta mlangoni na furushi lake. Nikamrudisha, nikampima upya kwa neno la kueleweka. Alibana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mshale haukutikisika. Nikamweleza daktari kosa la neno, akafungua tena daftari lake.

"Kosa lilikuwa langu, mama," nikamwambia. "Umeumia kweli. Utapasuliwa."

Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Aliketi kitandani akalia kwa sauti.

"Kumbe naumwa!" alisema. "Mume wangu anasema ni uchafu wangu tu. Nesi, tafadhali, nenda kamwambie wewe."