Breki za Pikapu na Beseni la Mihogo

Huku kwetu gari la mizigo husimama kwa honi. Unatoka Kikole na magunia ya ufuta, unafika juu ya mteremko, unabonyeza honi, na walio chini wanakupisha, watu, mbuzi na baiskeli. Miaka sita niliendesha pikapu yangu hivyo, na mjinga mimi nilidhani ni heshima.

Chini ya mteremko huo kuna bibi anayeuza mihogo ya kuchemsha. Si ndugu yangu, lakini kila nikipita namwamkia. Banda lake liko ukingoni kabisa mwa barabara, na akisikia honi yangu hunyanyua beseni na kujivuta ndani. Msimu uliopita goti lilianza kumsumbua. Siku moja nilipiga honi, nikapampu breki mara tatu kama kawaida, nikamwona bado ameinamia beseni. Nilikata usukani. Kioo cha pembeni kiligusa kanga yake.

"Nisamehe mjukuu wangu," akasema, "goti limenichelewesha."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi! Ilinichoma kuliko tusi.

Nilikwenda kwa fundi wetu nikamwambia nataka breki za diski mbele, zile za zamani zitoke. Akacheka.

"Dada, gari zee hili unalivisha viatu vya harusi? We pampu, piga honi, nenda zako."

Dereva mmoja mkongwe aliyekuwa akinywa kahawa pale akadakia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Shikamoo, baba," nikamjibu. "Guu litakalovunjika si langu, ni la bibi wa watu."

Hata shikamoo hakuiitikia.

Nilikwenda Lindi, nikanunua diski, kalipa za kuzibana na kila kinachofuatana nazo, vyote vimefunguliwa kwenye pikapu iliyopinduka. Kisha nikaketi kwenye kigoda kumwangalia fundi akifungua. Alipofika gurudumu la nyuma kushoto, nikaona paipu ya breki imekunjwa na kupondwa kwa nyundo.

"Nani kafanya hivi?"

Fundi akajifanya anatafuta spana. Ni yeye aliyeiponda mwaka juzi kuzuia mafuta ya breki yaliyokuwa yakivuja, na hakuniambia. Kumbe nilikuwa nikishuka kwa magurudumu matatu na honi! Nilimwambia paipu hiyo nayo itabadilishwa, na sibanduki mpaka magurudumu yote manne yashike. Siku mbili nilikaa pale, wapita njia wakinitania kwamba nimeolewa na fundi. Waache waseme.

Siku ya tatu nikapakia ufuta. Juu ya mteremko mkono ulikwenda wenyewe kwenye honi. Nikaurudisha kwenye usukani. Nikakanyaga breki mara moja tu, gari likatii, nikashuka polepole na kusimama hatua kumi kabla ya banda.

Bibi alishtuka kuniona. Akashika goti, akaanza kujiinua.

"Mjukuu wangu, mbona hukupiga honi? Ngoja nikupishe."

"Shikamoo, bibi. Kaa."

"Marahaba. Na gari je?"

"Litakungoja wewe."

Alinitazama, akalitazama gari na magunia yake. Kisha akaketi, akavuta kisu na kuendelea kumenya mihogo. Beseni lilibaki palepale.