Koti la Baba na Jina la Amerika

Siku ya ndoa yangu nilichungulia mlangoni nikamwona bwana harusi amevaa koti la baba yangu.

Majina ya wote waliokuwa barazani ninayo hadi leo, ila nayaacha. Wajukuu zao ni majirani zetu.

Koti lile baba alipewa Nachingwea na fundi wa matrekta, Mmarekani, wakati Wazungu wa mradi wa karanga wanafungasha virago. Ndani ya kola palishonwa kitambaa chenye jina la kampuni. Yule fundi alimweleza kwamba mzee aliyeianzisha alikufa zamani, wanawe na wajukuu wakaishika, mwisho ikauzwa kwa watu baki. Jina likabaki lilelile. Baba aliisimulia hadithi hiyo Ruangwa nzima.

"Kumbe mwenye jina si mwenye duka!" fundi cherehani akamcheka. Huyo alikuwa mtani wake, wakila sahani moja. "Hata wewe koti si lako. Siku ukifa nalibeba."

"Libebe. Wanangu watalikomboa."

Ndivyo watani wanavyofanya msibani: wanabeba kitu cha marehemu, watu wanacheka, kinakombolewa.

Harusi ilipokaribia, bitana ikachanika, baba akampelekea yule mtani wake ashone. Koti likarudi na bitana mpya, limenyooshwa kwa pasi, jina liko kolani. Baba akalalamika linambana mabegani.

"Mahari imekunenepesha kabla haijafika," mama akamwambia.

Basi siku hiyo bwana harusi akafungua koti atoe mahari. Nikauona mfuko wa ndani, na uzi mwekundu niliouziba nao mimi mwenyewe. Baba naye akauona.

Kaka wa bwana harusi hakujua kitu, akaanza mzaha. "Mkwe, tunasikia lako lina jina, letu kola tupu! Na fundi wenu huyo alituuzia akiapa ni la Amerika."

Fundi alikuwa ameketi bega kwa bega na baba. Ndiye aliyechaguliwa kuwa shahidi.

"Utani huo, mtani wangu," akasema.

"Mtani anachukua mbele ya macho yangu, nami nacheka," baba akajibu. "Ungeniomba, ningekupa."

Akavua koti alilovaa, akafumua kile kitambaa kwa meno, akampa bwana harusi. "Shika. Hili jina ni la koti lako." Lile la bandia akamwekea mapajani fundi aliyelishona. Akaniozesha akiwa na kanzu tu, na shahidi akatafutwa mwingine.

Lile jina nililishona mimi, huku Mandawa nilikoolewa. Mume wangu alilipenda sana koti lake. Lakini kila baba alipokuja kututembelea, nililificha.

Baba alipofariki, fundi alikuja. Akasimama uani, pale wanaposimama watani. Alisimama mpaka jua likageuka. Hakubeba kitu, wala hakuna aliyecheka.