Namba Zilizokataa Kutulia

Saa mbili asubuhi, ofisini Gongoni. Raymundi Ngollo anazungusha mkono wa mashine ya hesabu, anasoma jibu, anafuta namba moja kwa kifutio na kuandika nyingine mahali pake. Mbele yake imetandazwa karatasi ya miraba, na kila mraba una namba yake ya penseli, kipimo cha msukumo wa hewa mahali hapo. Hivyo ndivyo anavyoufuata mwendo wa hewa ya moto ndani ya bani la kukaushia tumbaku, naye hajainuka kitini.

Kazi yenyewe yataka subira. Kila namba hubadilishwa kwa wastani wa jirani zake wanne, mraba baada ya mraba, hadi karatasi yote iishe. Kisha huanzwa upya. Baada ya mizunguko thelathini hivi namba hutulia, hazibadiliki tena. Hapo ndipo Raymundi hutia sahihi kwenye ramani ya bani, na mafundi wakajenga.

Mwaka jana, 1974, hazikutulia.

"Zilipanda tu," asema Raymundi, mwenye umri wa miaka 41, macho yake yakiwa mezani. "Nilibadili penseli. Nilitia mashine mafuta. Benedikta, mchora ramani wetu, akanitania: 'Kaka Raymundi, namba zako zimepanda treni la Kigoma? Mbona hazishuki?' Nikacheka. Mzunguko wa arobaini nikaandika pembeni: zimetulia. Nikatia sahihi."

Bani likajengwa katika kijiji kimoja cha Ujamaa, njia ya kwenda Ulyankulu. Katika ukaushaji wa kwanza, majani yaliyotundikwa safu za juu, karibu na paa, yalitoka na ukungu. Vijiti 310 vya majani kati ya 600 vilitupwa, na tumbaku hiyo kijiji kizima kilikuwa kimeilima kwa jembe la mkono.

Aliyetwishwa lawama ni mchochea moto, Mzee Kashindye. Mkutanoni aliambiwa kuwa alisinzia, moto ukalegea. Raymundi alikuwepo, ameketishwa mbele pamoja na wageni.

"Mzee alisimama akasema, 'Sikulala.' Mara moja tu. Mtu wa nyuma akapaza sauti: 'Basi ukungu umeletwa na wachawi!' Watu wakaangua kicheko. Mimi nikatazama viatu vyangu."

Siku hiyo hiyo mzee akaondolewa kwenye moto.

Raymundi aliporudi mjini aliitoa karatasi ya zamani kabatini, na kosa halikumchukua hata saa nzima kulipata. Kupanga mahali pa kutokea hewa ilikuwa sehemu yake ya kazi. Yeye alikuwa amelizungushia paa mstari mmoja, mzima, usio na pengo.

"Nimezaliwa Kwihara, katika nyumba ya nyasi," aeleza. "Kwetu hakuna anayetoboa paa kwa ajili ya moshi. Moshi hujipenyeza wenyewe katikati ya nyasi. Sikukumbuka kwamba bani lile ni la bati."

Kila mzunguko hewa iliingia chini, wala haikupewa pa kutokea juu, namba zingetuliaje? Ndani ya bani, mvuke wa majani ulikwama chini ya bati vivyo hivyo.

"Namba zilisema kweli," asema kwa sauti ya chini. "Mwongo nilikuwa mimi."

Mwezi uliopita alijikaza, akapanda baiskeli hadi kwa Mzee Kashindye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kukagua usingizi wangu?"

Raymundi alimweleza yote, amesimama, kofia mkononi. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikulala," akamwambia. "Umemweleza anayejua. Kawaeleze waliocheka."

Jumamosi hii kijiji kitakutana tena. Raymundi, baba wa watoto watano, anakusudia kusimama na karatasi ile ya mizunguko arobaini, neno lake la uongo likiwa bado pembeni. Ofisini amekwisha kuandika barua ya kukiri, na hajui kama Jumatatu kiti hiki kitakuwa chake. Anaomba jambo moja tu: paa likishatobolewa, moto wa kwanza uwashwe na Mzee Kashindye.

Karatasi mpya ina pengo kwenye mstari wa paa. Mzunguko wa thelathini na nne umekwisha, na hakuna namba iliyosogea.

"Zimetulia, kaka?" auliza Benedikta akipita.

"Bado sijahakikisha," ajibu Raymundi, na kuanza tena mraba wa kwanza.