Leo niliweka fimbo kando

Leo sikumupiga mutoto hata mumoja, na sijawahi kuwaona wanaogopa vile.

Mimi ni mwalimu wa darasa la mwaka wa tano, shule ya musingi, hapa Goma. Kwenye mafunzo ya walimu walitufundisha namna mupya ya kunyoosha watoto: darasa zima linakaa duara, aliyekosa anasema, aliyekosewa anasema, wanapatana. Mimi niliipenda kabisa.

Asubuhi Esperance akamuuma Neema mukono, sababu ya nafasi ya kukaa tu.
Nikasema sawa, tuanze na hii.

Nikasukuma viti pembeni. Nikafunga mulango, watu wa njiani wasituchungulie.
Nikawaambia polepole: "Mukae wote chini, duara. Hakuna mutu atapigwa."

Walikaa haraka.
Halafu mumoja akaweka mikono juu ya kichwa. Mwingine akafuata. Mwishowe darasa zima.

Jamani, mimi sikutaja mikono!

Wengi wao walikimbia vita kule Masisi. Watu wa bunduki walishawakalisha chini hivi hivi, mikono kichwani, na waliochaguliwa hawakurudi.
Nilijua hayo yote. Na bado nilifunga mulango.

Neema, yule mwenye alama za meno mukononi, akaanza kulia: "Madamu, si Esperance. Nilijiuma mwenyewe."

Esperance akasimama, akaenda kwenye kona, akaniletea fimbo kwa mikono miwili.
"Unipige tu, Madamu. Lakini utuache turudi kwenye viti."

Walimu wenzangu, mungemujibu nini?
Mimi nilifungua mulango tu.