Picha Sita Nilizoazimwa

Walisema sitauza hata nakala moja. Aliyelisema kwa sauti ni binamu yangu, mtumishi wa wizara huko Al Khuwair, siku ya Ijumaa, tukiwa tumezunguka sinia la wali nyumbani kwa mama yake, huko Sib.

"Kitabu cha Kiswahili, hapa Maskati? Watoto wetu wenyewe hawakisomi. Atakinunua nani, bawabu?"

Watu wakacheka. Mwengine akaongeza kuwa mtoa fotokopi kazi yake ni kunakili vitabu vya wenzake, si kuandika chake. Nami nikacheka, maana maneno ya namna hiyo yamenilea. Nilipokuja kutoka Unguja (sisi husema "kurudi", ingawa kabla ya hapo nilikuwa sijaikanyaga Oman) walisema sitapata kazi. Nikaipata Hamriya, katika duka la fotokopi. Walisema diploma yangu ya kompyuta, niliyoisomea Dar es Salaam huku nikilala ukumbini kwa watu, haitambuliki. Leo imetundikwa ukutani dukani kwangu, duka langu mwenyewe, mtaa ule ule wa Hamriya. Sikushikwa mkono na mtu. Mke wangu anasema nayarudia haya mno. Huenda, lakini ni ya kweli.

Kitabu kilihusu wanawake wa ukoo wetu walivyoishi mjini Unguja usichanani mwao: walivyoshona, walivyopika, walivyojiandaa kwa harusi. Niliwahoji wanawake sita, na kila mmoja aliniazima picha moja. Wa mwisho kunipa, na niliyemtaka zaidi, alikuwa mama yake binamu yangu. Ni dada wa marehemu mama yangu, na mimi humwita khalati.

Picha yake ilipigwa studio alipokuwa na miaka kumi na saba. Amesimama kichwa wazi, nywele zimesukwa nyuma, amevaa gauni lisilo mikono, lenye marinda kiunoni, alilolishona mwenyewe kwa vitambaa viwili vya rangi mbalimbali. Katika nyumba zetu picha kama hiyo haitundikwi majlisi wanakoingia wageni wanaume. Hukaa ndani ya albamu, na albamu hukaa kabatini chumbani. Mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliowekewa albamu ile mapajani na kuachiwa waifunue wenyewe.

"Karatasi utaichunga, hilo nnalijua," aliniambia. "Mie nnauliza, nani ataiona?"

"Mwenye kununua kitabu tu, khalati."

"Wanunuzi wenyewe nani?"

"Watu wetu. Wengi wao wanawake."

"Na jaladani?"

"Jaladani naweka cherehani."

Akaifunua albamu. "Haya. Nataka wajukuu waone marinda. Siku hizi hakuna anayejua kuyapanga." Akaitoa picha katika vile vipembe vinne vya karatasi vinavyoishikilia, polepole, asivichane. Ukurasa ukabaki na vipembe vitupu.

Kazi yote niliifanya mwenyewe: kupiga chapa, kuhariri, kubuni jalada, kugeuza maandishi kuwa kitabu cha kusomwa kwenye simu. Wanaodhani kazi hii ni kubonyeza tu hawajaijaribu. Kitabu cha simu hakina ukurasa uliotulia. Msomaji akikuza herufi kila kitu kinahama, picha inarukia mbele na maelezo yake yanabaki nyuma. Kwa wiki tatu maelezo ya gauni la khalati yalikuwa yakitua chini ya picha ya mwanamke mwengine. Hatimaye nilipata ufumbuzi niliouona wa kisomi kabisa: nikazitoa picha zote sita ndani ya sura zake, nikazipanga pamoja mwanzoni, baada tu ya jina la kitabu, kila moja na maelezo yake. Zikapendeza. Nilijisifu peke yangu dukani.

Sasa nieleze kosa langu, kwani sina wa kumsingizia. Duka la vitabu la mtandaoni humpa mtu yeyote kurasa za mwanzo bure, aonje kabla ya kununua. Sikuwa mgeni wa jambo hilo. Nilikuwa nimeshawafundisha waandishi wawili, kwa ada, kwamba vizuri vyao waviweke mbele ili mwonjaji anase. Lakini kwenye simu yangu niliingia duka hilo kama mwenye kitabu, nacho kikanifungukia chote. Sikuazima simu ya mtu nikakitazama kama mpita njia. Ingenichukua dakika tano. Nilikuwa na haraka, nataka kitoke kabla ya Ijumaa, nikamwoneshe binamu yangu kwenye sinia lile lile.

Nikamwonesha. Akakinunua palepale, mbele ya wote, akasema, "Haya, bwana mwandishi, bawabu kanunua." Sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Siku tisa baadaye akaingia dukani kwangu saa za kazi, jambo ambalo hajapata kulifanya. Hakukaa. Aliweka simu yake juu ya kioo cha mashine ya fotokopi. Ilikuwa picha ya mama yake, imekatwa vizuri pembeni, maelezo yangu yameondolewa.

"Mwenzangu wa ofisini kanitumia," alisema. "Kaipata kwenye kundi lao la wanaume."

"Kanunua kitabu?"

"Hajanunua. Kaonja tu, na maelezo yako yakamwambia ni mama wa nani." Akaichukua simu. "Unajua kaniambia nini? Kaniambia, mama yako alikuwa mzuri. Mimi nimekaa naye meza moja miaka, jina la mama yangu halijui. Leo ananiambia mama yangu alikuwa mzuri."

Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu ya kumwambia. Badala yake nikawasha kompyuta.

Alipoondoka nikakiondoa kitabu. Kesho yake hakikuonekana tena katika duka la mtandaoni. Lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa zilibaki kwenye simu za watu, na picha zinazotumwa mkono kwa mkono hazina kitufe cha kuzirudisha. Hilo sikulisoma kwenye diploma, na naona aibu kusema kwamba nilipekua madaftari yangu ya zamani nikitafuta.

Jioni nikaenda Sib. Khalati alikuwa anachambua mchele.

"Nishaambiwa," alisema kabla sijaketi. "Walicheka?"

"Nani, khalati?"

"Hao walioniona."

"Hapana. Wamesema gauni..." Nikashindwa kuumaliza uongo.

"Wamesema gauni nini?"

"Hawakusema kitu juu ya gauni."

Akachambua tena kidogo. "Basi hata hawakuuliza nani kalishona." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikitoa kitabu upya bila picha, na mahali pa kila picha nikaandika ukurasa mmoja wa kuieleza. Kinauzwa. Kimeuzwa kuliko alivyotabiri binamu yangu, na hata kuliko nilivyotabiri mimi, na waandishi huja Hamriya kuniuliza nilifanyaje. Nawafundisha. Siku hizi jambo la kwanza ninalowafundisha ni kuazima simu ya mtu.

Kuwalipa walioniazima kulichukua miezi. Nilichapa vitabu sita vya karatasi, nikavishona kwa uzi kwa mkono wangu. Ndani ya kila kimoja mna picha moja tu, ya mwenyewe, katikati, kwenye sura yake. Havina bei. Jumamosi moja nikafunga duka, nikavipakia garini pamoja na picha zenyewe ndani ya bahasha, nikaanza na yule akaaye jirani na duka, Hamriya. Mmoja huko Al Khuwair alicheka, akaniambia yeye hakuona ubaya, laiti wangeitia yake pia kwenye kundi hilo. Mwengine alipokea bahasha kupitia mlango nusu wazi.

Sib nilifika mwisho, baada ya alasiri. Binamu yangu alinifungulia, akanisalimu vizuri, akatoka nje kwenda kutazama gari lake ambalo halikuwa na tatizo lolote. Khalati akakipokea kitabu, akapitisha kidole kwenye mshono. "Umevuta uzi mno," alisema. "Lakini umeshika." Akaufungua ukurasa wa gauni.

"Huko kwenye simu za watu nipo bado?"

"Upo, khalati."

"Basi."

Akaenda chumbani, akarudi na albamu. Nilisogea kwenye zulia, nikakunja miguu kama nilivyozoea, nikanyoosha mikono kuipokea. Akakaa kwenye kiti, akaifungua mwenyewe mapajani mwake, akairudisha picha ndani ya vipembe vyake, kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa kimechanika. Kisha akaifunga, akaweka kiganja chake juu ya jalada, na hakukiondoa mpaka nilipoaga.